Maisha ya Kivoi wa Kitui

Ni desturi ya kijitabu hiki kwamba, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya kazi za mwaka, huwekwa habari za maisha ya mtu mmoja wa kale, ili vijana wetu waliozaliwa hapa Mombasa wasije wakadhani kuwa habari za kwetu zilianza siku ile baba zao waliposhuka garini. Mwaka huu twaleta habari za Kivoi mwana wa Mwendwa, mfanyi biashara na kiongozi wa misafara wa Kitui, aliyeuawa karibu na mto Tana mwaka 1851.

Hatukumchagua kwa sababu jina lake ni kubwa tu. Wanachama waliohudhuria mkutano mkuu watakumbuka swali lililotuchukua karibu alasiri nzima, nalo lilinenwa kwa uchungu na pande zote mbili. Je, yatupasa kumsaidia mtu wa Kitui au Makueni aliyefika mjini juzi, hana kazi, hana ndugu, wala hajatia hata shilingi moja katika mfuko wetu? Wako waliosema kwamba mfuko ni wa wale waliouchanga, na kwamba ukarimu usio na mpaka utatufilisi. Wako waliosema kwamba mtu aliyepatwa na msiba leo hawezi kungoja mpaka atimize mwaka wa uanachama. Shauri halikukatwa, likaahirishwa. Sisi tuandikao kurasa hizi hatukupewa mamlaka ya kulikata, walakini twaona kwamba maisha ya Kivoi yaweza kulimulika, maana ndani yake swali hilo hilo laonekana mara tatu, na kila mara jawabu lake lilikuwa uhai au mauti ya mtu.

Kwanza yafaa tuseme watu wa Kivoi walikuwa akina nani. Wazee wetu wamepokezana habari kwamba Wakamba walitoka upande wa kusini, karibu na mlima Kilimanjaro, wakafika kwenye jabali la Nzaui. Kutoka hapo walipanda katika vilima vya Kilungu na Mbooni. Mahali hapo pote ni katika nchi ya Makueni, ambayo zamani ilihesabiwa pamoja na Machakos, ikafanywa wilaya peke yake mwaka 1992, na tangu 2013 ina serikali yake ya kaunti. Mbooni palikuwa pahali pema. Kuna baridi, kuna chemchemi, na udongo wake hukubali mbegu. Lakini pahali pema hujaa upesi. Jamaa ziliongezeka, mashamba yakawa membamba, na katika karne ya 18 watu wakaanza kuteremka vilimani kwenda mashariki. Wakavuka mto Athi, wakapanda uwanda mrefu wa Yatta, wakashuka upande wa pili, wakaingia nchi ya Kitui.

Basi watu wa Kitui ni wahamiaji, na wenzao wa Makueni waliobaki vilimani ni watoto wa wahamiaji vilevile. Neno hili hatulisemi kwa kumshushia mtu heshima. Twalisema kwa sababu leo twasikia wengine wakijiita wenyeji na kuwaita wenzao wageni, na yafaa tukumbuke kwamba wakati tu ndio unaowatenga hao wawili.

Wale waliovuka Athi hawakuikuta Mbooni nyingine. Kitui ni nchi pana na yenye uzuri wake, ila ni kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka. Ile itegemewayo zaidi ni ya kuanzia Oktoba hata Desemba, na ile ya Machi hata Mei mara nyingi hudanganya. Mito mingi, kama Tiva na Thua, hupita maji kwa siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Mwenye kutaka maji hana budi kuchimba katika mchanga ule mpaka yaonekane, na kadiri kiangazi kiendeleavyo ndivyo shimo liendavyo chini. Mtoto aliyekua Kitui zamani zile aliijua kazi hiyo mapema, kama alivyojua kulinda mbuzi na kufukuza ndege katika mtama. Alijua pia kwamba mwaka mmoja wa njaa waweza kula akiba ya miaka mitatu.

Hakuna jamaa moja ingaliweza kuishinda nchi ya namna ile kwa mikono yake peke yake. Kwa hiyo wale wahamiaji waliyashika sana mambo waliyokuja nayo, wakayatia nguvu kuliko yalivyokuwa vilimani. Kulikuwa na utui, yaani mtaa wa majirani waliotambuana na kuitikiana. Kulikuwa na mbai, yaani ukoo, ambao mtu akifika mahali asipojulikana aliutaja, na wenye ukoo ule wakampokea. Tena kulikuwa na mwethya, yaani kazi ya pamoja: mwenye shamba au nyumba ya kujenga aliwaita majirani, wakamfanyia kazi bila ujira, naye akajua kwamba kesho ataitwa. Mtu aliyeshindwa kuitikia mwethya alikosa watu wa kumwitikia. Alibaki peke yake tu, na katika Kitui kubaki peke yake kulitosha kuwa adhabu.

Katika jamii ya namna hiyo ndipo alipokulia Kivoi, na katika shida ile ile ndipo ilipozaliwa kazi iliyomfanya mashuhuri. Mvua ilipokosekana, watu wa Kitui walifunga safari kwenda kwa jirani zao wenye chakula, kama Wakikuyu, Waembu na Wambeere, wakabadilisha walichokuwa nacho wapate nafaka. Safari hizo waliziita kuthuua. Mara ya kwanza mtu alikwenda kwa ajili ya njaa. Mara ya pili alikwenda kwa kuwa njia aijua na rafiki anaye kule. Mara ya tatu alichukua bidhaa. Hivyo, kidogo kidogo, njia za njaa ziligeuka kuwa njia za biashara, na watu waliosukumwa nje na ukame wakawa ndio wanaoijua nchi kuliko wale walioshiba nyumbani.

Bidhaa zao hazikuwa chache. Walikuwa na mifugo, asali na tumbaku, na mikufu myembamba ya madini iliyofuliwa kwa ustadi. Walikuwa na sumu ya mishale, nao walikuwa wawindaji hodari wa ndovu. Pembe za ndovu ndizo zilizowavuta mpaka pwani. Hapa Mombasa walipata nguo, hasa ile nguo nyeupe nzito iliyotoka Marekani na kuitwa merikani, na ushanga, na nyaya za shaba, na chumvi. Kwa muda wa miaka mingi ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, pembe nyingi zilizofika Mombasa kutoka bara ziliteremshwa na Wakamba wenyewe. Wafanyi biashara wa pwani walizingoja, kwa maana walikuwa bado hawajazoea kupanda wenyewe mpaka nchi zile.

Msafara wa Wakamba haukuwa watu watano wala kumi. Walikwenda 200, au 300, na pengine zaidi. Sababu yake ni njia yenyewe. Kati ya Kitui na pwani kuna nyika ya Taru, yenye miiba na isiyo na mto. Maji yalitegemewa katika mashimo ya mwambani yaitwayo ngurunga, nayo yakiisha yameisha. Kulikuwa na hofu ya Wamaasai upande mmoja, na hofu ya Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, upande mwingine. Mtu aliyejikwaa nyuma na kuachwa aliweza kufa kwa kiu mahali ambapo mwenzake anapita leo ndani ya gari moshi akinywa chai. Sisi ambao tangu mwaka 2017 twaipita Taru kwa saa chache katika reli mpya, kutoka Mombasa mpaka Mtito Andei na Kibwezi, ni vigumu kwetu kufahamu kwamba baba zetu waliivuka kwa miguu, kila mmoja na mzigo kichwani au begani, na kwamba usalama wao ulikuwa katika hesabu ya watu tu.

Kuwaongoza watu wengi hivyo si kazi ya kila mtu. Wakamba hawakuwa na mfalme. Mtu alipata nguvu kwa mali yake, kwa ufasaha wa maneno yake mbele ya wazee, kwa umbo na mwenendo wa kuheshimika, na kwa kusadikiwa kwamba ana uganga na kwamba mvua humsikia. Kivoi alihesabiwa kuwa na mambo hayo. Alikuwa amesafiri sana. Alikuwa amefika Uchagga na kuuona mlima Kilimanjaro, ambao Wakamba huuita Kiima Kyeu, yaani mlima mweupe, na alikuwa amefika nchi ya Wakikuyu. Alikuwa na marafiki hata ng'ambo ya Tana. Jina lake lilijulikana kutoka Kitui mpaka Mombasa, na watu walipenda kumfuata, maana mtu aliyekwenda na Kivoi alikuwa na tumaini la kurudi.

Karibu na wakati huo ikawa njaa kubwa, mwaka 1836. Wakamba wengi walihama wakashuka pwani, wakakaa Rabai na katika nchi za Wagiriama na Wadigo, na wengi wao hawakurudi. Hao twaweza kuwaita wanachama wa kwanza wa kundi letu. Walifika na njaa, hawana shamba wala ng'ombe, katika nchi ya watu wengine. Wenyeji waliwapa mahali pa kukaa, nao walilipa fadhili hiyo kwa kuwa kiungo baina ya pwani na bara. Misafara iliyoshuka kutoka Kitui iliwakuta ndugu pale Rabai, ikapumzika kwao, ikasikia habari za bei na za amani kabla ya kuingia mjini. Wale waliopokewa kama maskini ndio waliokuja kuwa faida ya mji. Hii ndiyo mara ya kwanza ya swali letu, na jawabu lake lilikuwa uhai.

Huko Rabai alikuwapo mgeni mwingine. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, aliingia Mombasa mwaka 1844. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka ule ule, naye mwaka 1846 akaanza kituo cha Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Alijifunza Kikamba, hata Injili ya Marko katika lugha yetu ikapigwa chapa mwaka 1850. Akatamani kuiona nchi walikotoka watu hao. Mwezi wa Novemba 1849 alifunga safari na wapagazi wachache, akapita Taru, akavuka mto Tsavo, akapita Kikumbulyu karibu na Kibwezi, akavuka Athi na Yatta, na tarehe 26 ya mwezi ule akafika nyumbani kwa Kivoi.

Kivoi alimpokea. Yafaa tulifikiri jambo hilo vizuri. Huyu alikuwa mtu asiye na mbai, wala utui, wala ng'ombe hata mmoja. Hakutia kitu katika mwethya wowote. Kwa hesabu ya wale wenzetu wa mkutano mkuu, hakuwa na haki. Lakini tangu siku aliyoingia ua wa Kivoi, kila mtu wa Kitui alijua kwamba mwenye kumgusa mgeni huyu amemgusa Kivoi. Ulinzi wake wote ulikuwa jina la mwenyeji wake.

Katika mazungumzo Kivoi alimweleza habari za mlima mwingine mweupe, ulio mbali upande wa kaskazini, ng'ambo ya Tana. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yaliondoka kwa muda mfupi, na Krapf akauona kwa macho yake, vilele viwili vyeupe vilivyosimama kama pembe. Huko London mabwana wenye elimu walibisha sana kwamba theluji haiwezi kukaa juu ya nchi iliyo katikati ya dunia, kama walivyobisha habari za Kilimanjaro aliyoileta Rebmann mwaka 1848. Miaka mingi ilipita kabla ya kuaminiwa. Joseph Thomson aliuona mlima ule mwaka 1883, na Halford Mackinder alifika kileleni mwaka 1899.

Jina la mlima huo Krapf alilisikia katika vinywa vya Wakamba. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Mkamba, ambaye ulimi wake hauna herufi r, huuita Kiinyaa. Krapf aliandika kama alivyosikia, na maandishi hayo yakawa Kenia, kisha Kenya. Mwaka 1920 jina hilo likapewa koloni zima, na mwaka 1963 likawa jina la nchi huru. Kwa hiyo kila mtoto wa nchi hii aandikapo jina la nchi yake katika daftari, anaandika neno lililopita katika ulimi wa watu wa Kitui. Wengi hulitaja jina la mzungu aliyeuona mlima. Ni haki kumtaja pia mwenyeji aliyejua kwamba uko, aliyekwisha kuuona kabla ya mgeni wake kuzaliwa fikira ya kuja.

Hapa twalazimika kusema neno ambalo si tamu. Katika nyumba ya Kivoi kulikuwa na watumwa. Hatuwezi kulificha kwa sababu ya fahari, wala hatuwezi kulisamehe kwa kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi ya zamani zile. Bali tuulize, mtumwa wa Kitui alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtu aliyetekwa mbali, au aliyetolewa wakati wa njaa na jamaa yake isiyoweza tena kumlisha. Baadaye, katika njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899, ambayo wazee waliiita Ngomanisye, watu wetu wenyewe waliwaacha watoto kwa Wakikuyu ili wapate chakula, na si wote waliorudi. Yaani mtumwa na mgeni walikuwa watu wa namna moja. Wote wawili walifika wakiwa hawana kitu. Tofauti yao ilikuwa moja tu: mgeni alikuwa na mtu wa kusimama na kusema huyu ni wangu, na mtumwa alikuwa na mtu wa kusema huyu ni mali yangu. Kivoi, mwana wa wahamiaji waliopokewa, aliyajua maneno hayo mawili, na katika maisha yake aliyatumia yote mawili. Hii ni mara ya pili ya swali letu, nayo yatuonya kwamba mtu hodari aweza kumkirimu mmoja na kumfunga mwingine chini ya paa moja.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani akiwa na nia ya kuanza kituo cha misioni Yatta. Mambo hayakumwendea vizuri huko, akaendelea mpaka kwa Kivoi. Mwezi wa Agosti Kivoi alifunga safari kwenda upande wa Tana, na mgeni wake akaenda pamoja naye. Walikwenda na watu wao kwa siku kadhaa. Walipokuwa wamekaribia mto, wanyang'anyi wengi waliwatokea porini kwa pinde na mishale. Msafara ukavunjika. Kila mtu alishika njia yake, na wale waliokuwa karibu na Kivoi wakabaki wachache sana. Hapo Kivoi akauawa, pamoja na watu wake wa karibu.

Twaona kwamba katika habari hii hakuna jambo la kufundisha zaidi ya hilo. Mtu huyu alikuwa ameongoza mamia ya watu katika nyika kwa miaka mingi. Mali yake, ufasaha wake, uganga wake, vyote alikuwa navyo siku ile. Kilichompungukia ni watu kusimama pamoja. Siku msafara ulipokuwa mzima, Kivoi alikuwa Kivoi. Saa msafara ulipovunjika, alikuwa mtu mmoja porini kama mwingine yeyote.

Krapf alinusurika. Alikimbia, akapotea, akafika peke yake kwenye mto Tana akiwa karibu kufa kwa kiu. Akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Akaanza kurudi Kitui, akitembea usiku na kujificha mchana, kwa siku kadhaa, akila alichopata msituni.

Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupokewa kwa furaha. Waliuliza kwa nini yeye yu hai na mwenyeji wake amekufa. Kwa sheria ya safari, wenzi wa njia hulindana, na mtu arudiye peke yake ana hesabu ya kutoa. Yeye alikuwa na bunduki, na rafiki yake aliuawa. Wako waliosema kwamba amestahili kufa. Sisi hatuwezi kuwadharau watu hao kana kwamba walikuwa wakatili tu. Walikuwa wamefiwa na nguzo yao, na sheria waliyoitaja ndiyo ile ile iliyowavusha Taru miaka yote. Lakini twaona pia jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1849 mtu yule alikuwa salama kuliko wenyeji wengi, kwa kuwa Kivoi alisimama nyuma yake. Mwaka 1851 alikuwa mtu yule yule, wala hakuwa amefanya uovu wowote, ila Kivoi hakuwapo. Mgeni aliyefiwa na mwenyeji wake amerudi kuwa mtu asiye na mtu. Hiyo ndiyo mara ya tatu.

Krapf alitoroka usiku, akapata taabu nyingi njiani, akapitia Yatta, na mwezi wa Septemba akafika Rabai akiwa amedhoofu. Hakurudi Kitui tena. Alifariki kwao mwaka 1881, na mwaka uliofuata ikatoka kamusi yake kubwa ya Kiswahili. Habari za Kivoi zimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia kitabu chake cha safari, kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1860. Twamshukuru kwa hilo, nasi twaona haya kidogo kwamba ilibidi mgeni atuandikie.

Baada ya Kivoi hakutokea mtu wa Kitui aliyekusanya misafara mikubwa kama yake. Kuanzia miaka ya 1860 wafanyi biashara wa pwani walipanda bara wenyewe, na ndovu waliendelea kupungua. Biashara ile ya Wakamba ikafifia. Lakini yale mambo yaliyoizaa hayakufa. Mwethya ulibaki. Katika karne ya 20 vikundi vya mwethya vilichimba makinga ya udongo katika vilima vya Mbooni na Kilungu, na katika miaka ya karibu vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu ya Kitui na Makueni. Ukuta wa mawe na saruji huzuia mchanga, na mchanga huhifadhi maji, hata mama hana haja ya kuchimba kisima kirefu kama alichochimba bibi yake. Yule aliye na ng'ombe kumi na yule asiye na mbuzi huchota pamoja.

Sasa twarudi kwenye shauri lililoahirishwa. Hatusemi kwamba mfuko wa chama uwe kama mto usio na ukingo. Mlinzi wa fedha ametuonyesha hesabu zake katika kurasa zilizotangulia, nazo zatutaka tuwe na busara. Kivoi mwenyewe hakuingia Taru bila kuhesabu vibuyu vya maji. Yawezekana kuweka kipimo cha msaada, na kumtaka aliyesaidiwa atoe mchango wake apatapo kazi, kama vile mtu aliyejengewa nyumba kwa mwethya alivyoitwa siku ya pili kumjengea mwenzake. Hayo ni ya wanachama kuyapima.

Lakini kipimo cha fedha ni jambo moja, na kumkana mtu ni jambo jingine. Kijana ashukaye hapa Mombasa na begi moja, hajui mtaa hata mmoja, anasimama pale pale waliposimama watu wa njaa ya mwaka 1836. Hatakosa mtu wa kumwita wake. Ikiwa sisi hatutamwita mwenzetu, atatokea mwingine wa kumwita mali yake: mwenye kazi isiyo na mshahara, au mwenye biashara isiyotajwa mchana. Wengi wetu tulioketi katika mkutano ule tulifika namna hiyo hiyo, na yuko mtu aliyetufungulia mlango usiku kabla hatujatoa shilingi yetu ya kwanza. Baadhi ya watu hao majina yao yamo katika orodha ya wanachama waliofariki, nyuma ya kijitabu hiki.

Kivoi aliishi miaka mingi ndani ya msafara, akafa saa uliyovunjika. Twawaomba wanachama waisome habari hii nyumbani pamoja na watoto wao, na waje katika mkutano ujao wakiwa wamekwisha kufikiri.